Jinsi ya kuchomoka haraka na gari la manyuo linalosukumwa na magurudumu yote manne

Chukua gari linalovutwa na magurudumu mawili ya mbele, pandisha mizunguko ya injini hadi juu, kisha achia klachi kwa mpigo. Matairi yatalia, moshi utatoka, na gari litaondoka kivivu kuliko kelele zake. Hasara yako ni mpira kidogo uliobaki kwenye lami. Fanya hivyohivyo na gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, juu ya lami kavu, na matairi yatang'ang'ania. Hayaachii. Nguvu uliyoikusanya kwenye injini na flaiwili (gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini) itatafuta pa kutokea, na kamba hukatikia pabovu: meno ya gia ya kwanza, shafti ya gurudumu, difu (gia zinazoyagawia magurudumu nguvu), au klachi yenyewe.

Kwa hiyo katika gari la aina hii kuchomoka ni kazi ya mguu wa kushoto. Kati ya injini na barabara kuna kifaa kimoja tu kilichoundwa ili kiteleze kwa makusudi, nacho ni klachi. Wewe ndiye unayeamua iteleze kwa muda gani. Ikiteleza kidogo mno, injini inazama na gari linajikokota. Ikiteleza mno, inaungua. Katikati kuna nafasi ya kama sekunde moja hivi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu sekunde hiyo.

Yote yanayofuata ni ya uwanja uliofungwa: njia ya mashindano ya mbio fupi, uwanja wa mbio, au mahali pengine palipotengwa ambapo hakuna mtembea kwa miguu wala gari jingine linaloweza kuingia. Barabara ya watu wote si mahali pake, hata saa nane za usiku. Nalisema hili nikiwa namaanisha, kwa sababu gari likichomoka vizuri hufika kilomita 100 kwa saa kabla dereva mgeni hajamaliza kushangaa.

Kwa nini sekunde moja

Tufanye hesabu kidogo, kwa maana ukiielewa hesabu hii mguu wako utakuwa na sababu ya kufanya unachouambia. Tuseme gia ya kwanza ina uwiano wa 3.45 na difu ina 3.9. Ukizidisha unapata takriban 13.5, maana yake injini huzunguka mara 13.5 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi lenye mzingo wa mita 1.95 hutembea umbali huo kila likimaliza mzunguko. Basi injini ikiwa kwenye mizunguko 5000 kwa dakika na klachi ikiwa imeshika kabisa, gari linapaswa kuwa linakwenda kilomita 43 kwa saa. Kwenye mizunguko 3000 linapaswa kuwa kwenye kilomita 26.

Lakini gari limesimama. Kasi yake ni sifuri. Injini inadai kilomita 43, magurudumu yanasema sifuri, na tofauti hiyo lazima imezwe na kitu fulani. Kama injini yako haina nguvu ya maana chini ya mizunguko 3000, hutaki ianguke chini ya hapo, kwa hiyo klachi lazima iendelee kuteleza mpaka gari lenyewe lifike kilomita 26 kwa saa. Gari linaloongeza kasi kwa asilimia 70 ya nguvu ya mvutano wa dunia hufika hapo kwa muda wa sekunde moja na kidogo. Hiyo ndiyo sekunde ninayoisema. Chukua kitabu cha gari lako, tafuta uwiano wa gia ya kwanza, wa difu, na saizi ya tairi, upige hesabu yako mwenyewe. Gari lenye gia ya kwanza ndefu, yaani yenye uwiano mdogo, litahitaji muda mrefu zaidi wa kuteleza, na klachi yake itateseka zaidi.

Kuteseka kwenyewe kunapimika. Ukishikilia injini kwenye mizunguko isiyobadilika huku klachi ikiteleza mpaka ishike, joto linaloingia kwenye klachi ni sawa na nishati yote ambayo gari limepata kwa kwenda mbele. Kwa gari la kilo 1500 linalofikishwa kilomita 43 kwa saa kwa njia hiyo, ni kilojuli 107 hivi, yaani joto la kutosha kupandisha lita nzima ya maji kwa nyuzi 25. Linaingia chini ya sekunde mbili, kwenye uso mwembamba wa klachi pleti. Tena linakua kwa mraba wa mizunguko: ukiongeza mizunguko ya kuondokea maradufu, joto linakuwa mara nne. Ndiyo sababu siku zote naanza chini na kupanda taratibu, na simshauri mtu yeyote kuanza na mizunguko 6000 aliyoiona kwenye video.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui linahusu injini zenye tabo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi. Injini inayozunguka bila mzigo haitengenezi presha ya maana kwenye tabo, hata kama mshale unasoma 5000. Presha inakuja injini inapopewa mzigo. Basi unapoachia klachi haraka mno, mzigo unaingia wote kwa mara moja, mizunguko inaporomoka kabla tabo haijaamka, na gari linakaa pale likikohoa. Klachi inayoteleza kwa kiasi inaipa injini mzigo bila kuiangusha, na tabo inapata nafasi ya kujaza. Magari ya tabo yanayosukumwa na magurudumu yote ndiyo yanayozama vibaya kuliko mengine, na ndiyo yanayomlipa vizuri dereva aliyejifunza.

Hatua ya 1: Lijue gari lako

Magari haya hayafanani. Tangu Audi ilipoonyesha Quattro kule Geneva mwaka 1980, watengenezaji wamepita njia nyingi kufikisha nguvu kwenye magurudumu manne. Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution zina difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na magurudumu yote yanapata nguvu muda wote. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989 inasukuma kwa nyuma na kupeleka nguvu mbele inapohitajika. Volkswagen Golf R inafanya kinyume: mbele ndiko nyumbani, na kiungo chenye klachi zake ndani kinapeleka nguvu nyuma. Toyota GR Yaris ya mwaka 2020 inakuruhusu kuchagua kwa swichi: asilimia 60 mbele na 40 nyuma, au 30 kwa 70, au nusu kwa nusu.

Kwa kuchomoka kwenye lami kavu, chagua mpangilio unaogawa nguvu karibu na nusu kwa nusu kama gari lako linakupa uchaguzi. Kwenye magari ambayo upande mmoja husubiri kuitwa, tegemea kuona magurudumu ya upande mkuu yakiteleza kidogo kabla ya wenzao kuingia kazini, hivyo uachie klachi kwa upole zaidi mwanzoni.

Tahadhari moja kubwa: magari ya safari na pikapu zenye kigingi au kitufe cha kuunganisha magurudumu ya mbele, zisizo na difu ya kati, hazihusiki hapa. Ukiunganisha mbele na nyuma kwenye lami kavu, shafti zinabanana kila unapokata kona. Mwongozo huu si wa magari hayo.

Angalia pia kama gari lako lina mfumo wa kiwandani wa kuondokea. Ford Focus RS iliyotoka mwaka 2016, kwa mfano, ina mfumo huo ingawa ni ya manyuo. Mfumo unashikilia mizunguko kwa niaba yako, lakini klachi bado ni kazi ya mguu wako. Magari mengine yana kikomo cha mizunguko yakiwa yamesimama: unakanyaga mafuta hadi chini na mshale unagota mahali fulani chini ya mstari mwekundu. Hiyo si hitilafu, na mara nyingi kikomo hicho kinakaribia mizunguko ambayo ungeitaka.

Tena kuna magari yenye kitundu chembamba kwenye bomba la mafuta ya klachi, kilichowekwa ili klachi isishike ghafla hata dereva akiinua mguu kwa pupa. Ukiwa na gari la namna hiyo, pedali itakuwa imeshafika juu na klachi bado inateleza kidogo. Wengi hudhani klachi imekwisha, wakanunua nyingine, na mpya nayo ikafanya vilevile.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kujaribu

Anza na klachi. Ukiwa kwenye gia ya juu na mizunguko ya chini, kwa mfano gia ya nne kwenye 2000, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko na wa kasi inapaswa kupanda pamoja. Mshale wa mizunguko ukiruka peke yake huku kasi ikibaki nyuma, klachi imechoka, na hakuna cha kujaribu siku hiyo.

Matairi manne yawe saizi moja, aina moja, na yaliyolika kwa kiasi kinachokaribiana. Tairi jipya na lililokwisha havina mzingo mmoja, na tofauti hiyo inaifanya difu ya kati ihangaike muda wote hata ukienda sokoni tu, sembuse unapochomoka. Upepo ujazwe kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Watu wa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma hupunguza upepo sana ili tairi lishike. Kwenye gari la magurudumu manne lenye matairi ya kawaida faida yake ni ndogo, na ukizidisha gari linayumba.

Mengine ni ya haraka: kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, angalia oili ya giaboksi na ya difu ya nyuma, chungulia mpira wa sivi jointi (kiungo cha shafti ya gurudumu) kama umepasuka. Mauntini (vishikizo) za injini na giaboksi zitazame kwa makini, kwa kuwa mauntini iliyopasuka inairuhusu injini kuruka unapochomoka, na injini ikiruka gia haiingii vizuri. Kisha toa kila kitu kinachoweza kuserereka ndani ya gari, na zulia la upande wa dereva ulitoe kabisa. Zulia likinasa pedali ya mafuta ikiwa chini, utakuwa na tatizo ambalo mwongozo huu hautoi suluhisho lake.

Hatua ya 3: Pasha moto, lakini si kwa kuchoma matairi

Geji ya maji ikifika katikati haimaanishi gari limepata moto. Oili ya injini huchelewa nyuma ya maji, na oili ya giaboksi na difu haipati moto kabisa gari likiwa limesimama linanguruma. Endesha kwa dakika 15 hadi 20 kwa utulivu, ukipitia gia zote.

Usijaribu kuchoma matairi kama wafanyavyo wenye magari ya kusukumwa nyuma. Gari lako halina magurudumu ya kusimama na mengine ya kuzunguka. Ukijaribu, utakachounguza ni klachi na difu ya kati. Kwenye viwanja vya mbio fupi kuna sehemu iliyomwagwa maji kwa ajili ya wachoma matairi. Ipite pembeni, usiingie. Ukitoka na maji kwenye mikunjo ya matairi yako utayabeba hadi mstari wa kuanzia, na kesho yake watu watakuambia gari lako halishiki.

Hatua ya 4: Kaa sawasawa

Watu wanalidharau hili. Sogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi hadi mwisho goti lako bado limepinda kidogo. Kisigino cha mguu wa kushoto kikae sakafuni, na pedali uishike kwa sehemu ya mbele ya unyayo, chini ya vidole. Ukiinua klachi kwa paja, mguu wote ukining'inia hewani, huwezi kupima sentimita moja. Ukiinua kwa kifundo, kisigino kikiwa kimetia nanga, unaweza kupima hata nusu yake. Viatu viwe vya soli nyembamba.

Hatua ya 5: Tafuta mahali klachi inaposhika

Kabla hujagusa mafuta, simama mahali tambarare, weka gia ya kwanza, na uinue klachi polepole sana bila mafuta yoyote. Kuna mahali mshale utashuka kidogo na pua ya gari itajiinua. Hapo ndipo inapoanza kushika. Rudisha klachi chini. Rudia mara kumi. Kisha fanya hivyo ukitazama mbele tu, bila kuangalia dashibodi, mpaka mguu upajue mahali hapo wenyewe.

Baada ya hapo fanya zoezi la pili: shikilia mizunguko 2000 kwa mguu wa kulia, inua klachi hadi inaposhika, gari likisogea mita mbili tatu kanyaga klachi tena na usimame. Lengo ni mguu wa kulia ubaki mtulivu wakati wa kushoto unafanya kazi. Wanaoanza huinua miguu yote miwili kwa pamoja, au huongeza mafuta kila klachi inaposhika. Usifanye zoezi hili zaidi ya mara nne tano bila kulipumzisha gari, kwa sababu kila mara klachi inapata joto.

Nilipokuwa najifunza niliruka hatua hii. Nilikuwa na haraka ya kuona saa inasema nini, nikaenda moja kwa moja kwenye mizunguko mingi. Kufikia jaribio la sita harufu ilikuwa imejaa ndani ya gari, harufu ile ya karatasi inayoungua ikichanganyika na breki, na nikaendelea kwa sababu nilidhani ndivyo inavyotakiwa kunuka. Klachi pleti ilipotolewa ilikuwa imebadilika rangi na flaiwili ina mabaka ya buluu. Jioni moja ya kujifunza mguu ingeyazuia yote.

Hatua ya 6: Kuchomoka kwenyewe

Magurudumu yanyooke kabisa. Ukianza na usukani uliokata kona, gari litavuta upande mmoja na upande mmoja wa shafti utabeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake. Dirisha liwe limefunguka kidogo ili uisikie injini.

Mfumo wa kuzuia gari kupoteza mwelekeo uache ukiwaka kwa majaribio ya kwanza. Ukiona unakata nguvu mwanzoni, kwenye magari mengi kuna kitufe kinachoulegeza bila kuuzima kabisa, tumia hicho.

Kanyaga klachi hadi mwisho, weka gia ya kwanza. Usikae hapo ukisubiri kwa dakika nzima, maana beringi ya klachi inabeba mzigo muda wote mguu ukiwa chini. Pandisha mizunguko hadi 3000 na uishikilie. Si 2800 halafu 3400 halafu 2900. Mshale usimame. Kama huwezi kuusimamisha, hujawa tayari.

Sasa klachi, kwa awamu tatu zinazofuatana bila kukatika. Kwanza inua haraka kutoka chini hadi pale inaposhika. Sehemu hii ya safari ya pedali haina kazi, na kuipita polepole ni kupoteza muda. Pili, ukifika hapo, zuia mguu. Gari litaanza kuondoka kwa nguvu na utaona mshale unataka kushuka. Jibu kwa mafuta zaidi, ukielekea kwenye kukanyaga yote, huku klachi ikipanda milimita kwa milimita. Hapa ndipo sekunde ile inapoishi. Tatu, ukihisi gari na injini vimekuwa kitu kimoja, yaani mlio wa injini unapanda pamoja na mwendo badala ya kuning'inia mahali pamoja, ondoa mguu wote kwenye klachi na uuweke sakafuni. Usiuache ukigusa pedali.

Mpito kati ya awamu ya pili na ya tatu ndio mgumu. Mwili hutaka kuachia mapema kwa sababu gari linavuta na kichwa kimerudi nyuma, na mtu anadhani kazi imekwisha. Bado. Sikiliza injini, usisikilize mgongo.

Hatua ya 7: Soma kilichotokea, badilisha kitu kimoja

Mshale ukiporomoka na gari likasita, injini imezama. Ama ulianza na mizunguko michache, ama uliachia klachi mapema. Rekebisha kwanza mguu; ukishakuwa na uhakika na mguu ndipo uongeze mizunguko kwa 500.

Matairi yakizunguka bure, umeachia kwa ukali kuliko uwanja unavyoweza kubeba. Kwenye gari la magurudumu manne mlio mfupi wa matairi kwenye mita mbili za kwanza si mbaya, na kwa kweli unaisaidia klachi kwa kubeba sehemu ya joto lake. Ukiendelea baada ya hapo, punguza mizunguko kwa 500.

Injini ikilia juu kwa muda mrefu bila gari kwenda sawa na kelele, klachi inateleza mno. Mguu wako ni mpole kupita kiasi au klachi imepata moto. Ukinusa harufu, jibu ni la pili.

Magari mengi ya kawaida yenye tabo huishia kuchomoka vizuri mahali fulani kati ya 3500 na 5000. Yasiyo na tabo, ambayo nguvu yake iko juu, hutaka zaidi kidogo. Lakini namba ya rafiki yako si namba yako, hata kama magari yanafanana: klachi yake, matairi yake na mguu wake ni vingine.

Kuhusu kuachia klachi kwa mpigo. Najua wapo wanaofanya hivyo na kupata muda mzuri. Unapoachia kwa mpigo, flaiwili inatema nishati yake yote kwa mara moja, na nguvu inayopita kwenye giaboksi haina uhusiano na nguvu ya injini tena; inakuwa ile kubwa kabisa ambayo klachi inaweza kushikilia, ikizidishwa na gia ya kwanza. Ukiwa umefunga klachi ngumu ya mashindano, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu umeiondoa sehemu iliyokuwa ikiteleza kukuokoa. Giaboksi inaweza kuvumilia mara 20, ikavunjika ya 21.

Hatua ya 8: Gia ya pili inakuja mapema

Umechomoka vizuri, na sasa gia ya kwanza inaisha upesi kuliko ulivyozoea. Mkono uwe umeshafika kwenye gia kabla ya mstari mwekundu, lakini usiwe umeuegemeza humo tangu mwanzo, kwani uma za ndani ya giaboksi zinalika kwa mzigo wa mkono. Kanyaga klachi hadi mwisho, punguza mafuta, vuta moja kwa moja hadi ya pili, achia. Vuta kwa kiganja kilicho wazi, bila kuifinya gia wala kuipindisha. Gia ya pili ikikataa, usiilazimishe. Kubadili gia bila kuinua mguu wa mafuta uwaachie wenye mfumo wa kukata nguvu kwa umeme uliowekwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 9: Ipe klachi muda wa kupoa

Hapa ndipo watu wengi huharibu siku yao. Baada ya kila jaribio, endesha taratibu kwa dakika tano hadi kumi kwenye gia ya tatu au ya nne, klachi ikiwa imeshika kabisa. Kusimama na injini ikiunguruma kunaliacha joto lilale palepale kwenye klachi. Kwenye foleni ya kusubiri zamu usisogee nusu mita nusu mita kwa kutelezesha klachi. Subiri nafasi iwe kubwa, sogea mara moja, zima.

Majaribio matatu au manne kwa siku yanatosha kwa klachi ya kiwandani. Pedali ikibadilika, kwa mfano ikawa laini au inashika karibu zaidi na sakafu, umemaliza kwa siku hiyo hata kama ni jaribio la pili.

Uwanja ukiwa na maji, anza na mizunguko 2500 na urefushe kuteleza kwa klachi. Matairi yatakuonyesha kikomo yenyewe. Kwenye changarawe mambo yanageuka: matairi yanaweza kuzunguka, kwa hiyo yanabeba sehemu kubwa ya kazi ya klachi, na unaweza kuachia haraka zaidi kuliko kwenye lami. Kwa anayejifunza, changarawe iliyofungwa ni mwalimu mpole kwa gari.

Hatua ya 10: Pima mita 18 za kwanza

Muda wa kufika kilomita 100 kwa saa unachanganya kuchomoka, nguvu ya injini na kubadili gia. Kinachopima mguu wako ni mwanzo. Kwenye njia za mbio fupi hupimwa futi 60 za kwanza, ambazo ni mita 18.3. Ukiongeza kasi kwa asilimia 70 ya mvutano wa dunia bila kusita utazimaliza kwa sekunde 2.3, kwa asilimia 100, sekunde 1.9. Kwa kuwa mwali wa mwanga unaoanzisha saa pale mstarini hukatwa na tairi la mbele, gari husogea kama sentimita 30 kabla saa haijaanza, na karatasi ya muda utakayopewa itakusomea muda mfupi kidogo kuliko hesabu hizo. Saa huanza gari linapoondoka, si taa inapowaka, kwa hiyo usihangaike na taa ukiwa bado unajifunza klachi.

Andika kwenye daftari kila jaribio: mizunguko ya kuondokea, muda wa futi 60, hali ya uwanja, na neno moja kuhusu mguu, kama "mapema", "sawa" au "imezama". Baada ya siku mbili tatu utaona namba moja inajirudia kwenye majaribio mazuri.

Ukimaliza, kabla ya kurudi, liache gari lipoe kisha chungulia chini kwa tochi: oili mpya kwenye giaboksi au difu, grisi iliyorushwa karibu na magurudumu, mauntini iliyopasuka. Ukiondoka sikiliza kama kuna "ko" moja kila unapokanyaga mafuta baada ya kuyaachia, au mvumo mpya unaopanda na kasi kwenye gia moja tu. Mlio wa kwanza mara nyingi ni mauntini au jointi na unaweza kufika gereji nao. Wa pili unatoka kwenye meno ya gia, na gari hilo lisiende tena mstarini mpaka giaboksi ifunguliwe.